Maswali ya Wasomaji: Uvimbe wa Mishipa ya Damu Ndani ya Uti wa Mgongo

Katika barua zilizotufikia, tatu zinahusu jambo moja ambalo kwa kawaida halizungumzwi katika kurasa za afya, nalo ni uvimbe usio saratani unaotokana na mishipa ya damu katika mgongo. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi.

SWALI LA KWANZA (Tanga)

Daktari, salaam. Mume wangu ana umri wa miaka 38 na ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa muda mrefu amekuwa na maumivu ya shingo yanayoshuka hadi katikati ya mabega, hasa usiku. Baadaye mkono wa kushoto ulianza kufa ganzi, akawa anaungua kwa cheche bila kuhisi. Sasa miguu nayo haimtii: akitembea gizani anayumba, na ndala humtoka mguuni bila yeye kujua. Alipewa vidonge vya maumivu, akakandwa, akaambiwa ni misuli, mpaka mwaka huu alipofanyiwa kipimo cha MRI. Ripoti inasema ana hemanjioblastoma ndani ya uti wa mgongo, usawa wa pingili ya sita ya shingo, pamoja na mfuko wa maji juu na chini yake. Daktari ameshauri upasuaji. Ndugu zake wanasema mtu akiguswa uti wa mgongo hainuki tena, na wapo wanaotaka tujaribu kwanza dawa za miti shamba. Je, hii ni saratani? Hakuna dawa ya kuuyeyusha? Na tukisubiri itakuwaje?

JIBU

Dada yangu, pole kwa mzigo huo. Nakupongeza kwa kuandika dalili zake kwa uangalifu, kwa sababu habari za cheche na ndala zinaueleza ugonjwa huu vizuri mno, na baadaye nitakuonyesha kwa nini.

Hemanjioblastoma si saratani. Shirika la Afya Duniani limeuweka uvimbe huu katika daraja la 1, ambalo ndilo la chini kabisa katika mpangilio wa uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo. Hukua polepole, hausambai kwenye mapafu wala ini, na ukitolewa wote kwa kawaida haurudi mahali pale pale. Ni nadra sana, kwani kati ya uvimbe 100 wa uti wa mgongo, wa aina hii ni 2 hadi 6 tu. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja, na hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa kuchelewa kutambuliwa. Sababu nyingine ni kwamba katika nchi zetu mtu mwenye ganzi na miguu dhaifu hufikiriwa kwanza kuwa na magonjwa yanayoonekana mara kwa mara, kama vile kifua kikuu cha pingili, diski iliyotoka mahali pake, upungufu wa vitamini B12, na katika maeneo ya mito na maziwa, kichocho kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Si kosa kuyafikiria hayo kwanza. Kosa ni kuendelea kumpa mtu vidonge vya maumivu mwezi baada ya mwezi huku ganzi ikipanda na miguu ikilegea, bila mtu yeyote kutaka kuona kilichomo ndani.

Hata hivyo, nisingependa maneno "si saratani" yawafanye mtulie kupita kiasi. Uti wa mgongo ninaousema hapa ni ule ugwe laini wa mishipa ya fahamu unaopita katika tundu la pingili. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 42 hadi 45 hivi, na unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Katika nafasi hiyo finyu zinapita njia zote zinazopeleka amri za ubongo kwenye mikono, miguu, kibofu na haja kubwa, pamoja na zile zinazorudisha habari za maumivu, joto na mguso. Uvimbe ambao ungekuwa begani usingemsumbua mtu yeyote, lakini ukiwa humo, hata wenye kipenyo cha sentimita moja unaweza kumlaza mtu kitandani. Ubaya wake unatokana na mahali ulipo.

Sasa turudi kwenye cheche na ndala. Mara nyingi hemanjioblastoma huota upande wa nyuma wa ugwe huo, katika sehemu ya shingo au ya kifua. Upande wa nyuma ndiko zinakopita njia zinazoujulisha ubongo mguu uko wapi bila mtu kuutazama. Njia hizo zikibanwa, mchana mtu hutembea kwa kusaidiwa na macho, lakini giza likiingia, au anapofumba macho ili anawe uso, huanza kuyumba, na ndala ikimtoka hapati habari. Kuhusu cheche, uvimbe huu ni fundo la mishipa midogo ya damu ambayo kuta zake huvuja majimaji. Majimaji hayo hujipenyeza ndani ya ugwe, na kwa muda hutengeneza mfuko ambao unaweza kuwa mrefu mara nyingi kuliko uvimbe wenyewe. Mfuko huo hutanuka katikati ya ugwe, mahali ambapo njia za maumivu na joto huvukia kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kwa hiyo mtu huungua bila kuhisi. Mpaka atakapotibiwa, naomba mume wako asiguse kazi ya moto kwa mkono ule, na kila jioni mkague ngozi yake pamoja.

Katika picha ya MRI, mgonjwa akishachomwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, uvimbe huu huwaka kwa weupe mkali, na mara nyingi mishipa minene ya damu huonekana ikijikunja kandokando yake. Ikiwa MRI ya mume wako ilipigwa shingo tu, mwombeni daktari picha ya uti wote wa mgongo pamoja na ya kichwa, na dawa hiyo itumike, kwa kuwa uvimbe wa aina hii wakati mwingine huwa zaidi ya mmoja.

Kuhusu upasuaji, hofu ya ndugu zenu naielewa, kwa kuwa kila mtaa una habari ya mtu aliyepasuliwa mgongo na hakutembea tena. Hatari ipo na daktari hapaswi kuificha. Lakini katika aina zote za uvimbe unaoota ndani ya ugwe, huu ni miongoni mwa ile inayowezekana kutolewa wote, kwa sababu una mpaka ulio wazi na mara nyingi hufika kwenye uso wa ugwe. Mpasuaji hufungua sehemu ya nyuma ya pingili, huchana utando unaofunika ugwe, na chini ya darubini hukiona kinundu chenye rangi nyekundu inayoelekea machungwa, juu yake mshipa mnene wa vena uliojikunja na kujaa damu. Hakidokoi wala hakati kipande cha kupeleka maabara, kwa sababu kikitobolewa hutoa damu ambayo katika nafasi ile ni vigumu kuizuia. Hukizunguka taratibu, akiichoma mishipa inayoleta damu mmoja baada ya mwingine kwa koleo dogo la umeme huku maji yakidondoshwa ili joto lisiunguze ugwe, na ule mshipa mnene unaoondoa damu huuacha mpaka mwisho kabisa. Akiufunga mapema, damu inaendelea kuingia na haina pa kutokea, na uvimbe hujaa ukapasuka. Ndipo kinundu hutoka kikiwa kizima. Mfuko wa maji kwa kawaida hauhitaji kutobolewa, kwani chanzo chake kikiondoka nao hunywea wenyewe katika wiki na miezi inayofuata.

Jambo ambalo ningependa mlielewe kabla ya kutia sahihi ni kwamba upasuaji huu hulinda zaidi kuliko unavyorudisha. Wagonjwa wengi hubaki na nguvu walizokuwa nazo walipoingia chumba cha upasuaji, wengine hupata nafuu, na wachache huharibikiwa zaidi. Ganzi huweza kuongezeka katika wiki za mwanzo kisha ikapungua. Kwa sababu hiyo mtu anayeingia akitembea ana matumaini makubwa kuliko anayeingia akiwa amebebwa, na kwa hali uliyoieleza, ya dalili zinazozidi kusonga mbele, siwashauri kusubiri. Uvimbe huu una tabia ya kukua kwa vipindi: unaweza kutulia hata miaka, mkadhani umekoma, kisha ukaanza tena. Mara chache hupasuka na kutoa damu ghafla. Miguu ikiishiwa nguvu kwa saa chache, au mkojo ukikataa kutoka, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Umeuliza kuhusu dawa. Dawa za jamii ya steroidi hupunguza uvimbe wa maji kwa muda mfupi, lakini haziuondoi uvimbe wenyewe. Mionzi iliyolengwa hutumika kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa, hasa wasioweza kupasuliwa, lakini matokeo yake huja polepole na mwanzoni inaweza kuongeza maji ndani ya ugwe. Ipo dawa moja ya kumeza, ambayo nitaieleza katika jibu la tatu, lakini imekusudiwa watu wenye ugonjwa fulani wa kurithi. Ama miti shamba, hakuna mti unaojulikana kuufikia uvimbe huu na kuukausha, na kinacholiwa na majaribio hayo ni muda, ambao mume wako hana wa kupoteza. Kukandwa shingo kwa nguvu nako kukome mara moja. Kama familia inataka dua na maombi, yafanyike, wala hayazuii tarehe ya upasuaji.

Kwa Tanzania, mahali pa rufaa kwa kazi ya namna hii ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, na msomaji wa Kenya angeelekezwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Popote mtakapokwenda, msione haya kumwuliza mpasuaji kama amewahi kutoa uvimbe ulio ndani ya ugwe wenyewe, kama ana darubini ya upasuaji, kama kuna kitanda cha uangalizi maalumu, na nani atamfanyisha mgonjwa mazoezi ya viungo baada ya kutoka. Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Anaweza pia kuzungumzia kipimo cha kuonyesha mishipa ya damu, na pengine kuiziba baadhi yake kabla ya upasuaji. Hatua hiyo husaidia pale uvimbe ulipo mkubwa, ingawa ina hatari ya kuziba mshipa unaolisha ugwe, na si kila mgonjwa anaihitaji.

Jambo la mwisho, ambalo mara nyingi husahaulika mgonjwa akishashonwa. Takribani robo hadi theluthi ya watu wenye uvimbe huu wana ugonjwa wa kurithi uitwao von Hippel-Lindau, au kwa kifupi VHL, ambao huotesha uvimbe kwenye macho, ubongo, figo, kongosho na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Waliobaki, na ndio wengi, wamepata uvimbe mmoja tu na habari inaishia hapo. Ninyi hamjui mko upande gani mpaka mpime. Mume wako achunguzwe macho kwa kutanuliwa mboni, apigwe picha ya tumbo, apimwe homoni za adrenali, na muwaulize wazee wa ukoo kama kuna aliyepofuka ujanani, aliyefariki kwa uvimbe wa kichwa, au aliyetolewa figo.

SWALI LA PILI (Mombasa)

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61. Nilipigwa picha kwa sababu ya maumivu ya kiuno, na ripoti ikasema nina hemanjioma katika pingili ya tisa ya kifua. Nimesoma kwamba uvimbe wa mishipa ya damu mgongoni hupoozesha miguu, na tangu siku hiyo silali. Je, nitafute upasuaji?

JIBU

Mwalimu, lala usingizi. Uvimbe wako na ule wa ndugu yetu wa Tanga majina yanafanana, lakini ni vitu viwili tofauti. Wako umo ndani ya mfupa wa pingili, nje kabisa ya ugwe wa mishipa ya fahamu, na ni wa kawaida mno: takribani mtu mzima 1 katika kila 10 anao, na wengi huzikwa nao bila kujua kwamba walikuwa nao. Picha yako ilipigwa kwa ajili ya kiuno, nao ukaonekana kwa bahati katika pingili ya kifua, ambayo kwa vyovyote haihusiki na maumivu ya kiuno. Hauhitaji dawa wala kisu, na kama daktari aliyesoma picha hakuona dalili ya mfupa kuvimba kuelekea kwenye tundu la uti wa mgongo, hauhitaji hata picha za kila mwaka. Ni wachache sana ambao hemanjioma ya mfupa hukua ikabana ugwe, na hao hupata maumivu makali pale pale kwenye pingili husika, au miguu yao ikaanza kuwa mizito. Ukiona hayo, rudi hospitali. Usipoyaona, shughulikia kiuno chako.

SWALI LA TATU (Unguja)

Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 22 na nasoma chuo. Mama yangu alitolewa uvimbe nyuma ya ubongo nikiwa mdogo, na baadaye akakatwa sehemu ya figo. Sasa kaka yangu ameambiwa ana uvimbe wa mishipa ya damu jichoni na mwingine mdogo kwenye uti wa mgongo, na daktari ametaja VHL. Mimi sina dalili yoyote. Je, ni lazima na mimi nitakuwa nao? Nitaweza kuolewa na kuzaa? Na nimesikia kuna dawa mpya, je, ni kweli?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Si lazima. Ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 3, na mzazi mwenye hitilafu hiyo humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu, mwana wa kiume sawa na wa kike. Kaka yako kuupata hakukuongezei wala hakukupunguzii nafasi yako. Unampata mtu mmoja hivi katika kila watoto 36,000 wanaozaliwa, katika mataifa na rangi zote, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ni laana ya nyumba yenu. Macho ya wagonjwa hawa yalielezwa na daktari Mjerumani Eugen von Hippel mwaka 1904, na mwaka 1926 Arvid Lindau wa Sweden akaonyesha kwamba uvimbe wa macho na ule wa ubongo ni ugonjwa mmoja. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993.

Kuhusu kipimo, kuna mpangilio ambao watu huukosea. Anayepaswa kupimwa damu kwanza ni mama yako au kaka yako, ambao tayari ni wagonjwa, ili hitilafu ya familia yenu ijulikane ilipo. Ikishajulikana, wewe unapimwa kwa kutafuta hitilafu ile ile. Usipokuwa nayo, umemaliza: huna haja ya picha za kila mara, na watoto wako hawataipata kutoka kwako. Ukiwa nayo, utaanza uchunguzi wa maisha. Miongozo ya kimataifa ya sasa inataka macho yachunguzwe kila mwaka tangu utotoni, homoni za adrenali zipimwe kila mwaka kuanzia miaka 5, MRI ya ubongo na uti wa mgongo kila baada ya miaka miwili kuanzia miaka 11, na picha ya tumbo kwa utaratibu huo huo kuanzia miaka 15. Najua gharama yake, na najua kwamba si kila bima hukubali kulipia picha za mtu asiyeumwa. Lakini kama fedha haitoshi kwa yote, msiache macho na shinikizo la damu, kwa kuwa vipimo hivyo ni rahisi, na uvimbe wa retina ukionekana mapema hutibiwa kwa leza kabla haujaharibu uwezo wa kuona.

Kaka yako, ikiwa uvimbe wa uti wa mgongo haujamletea ganzi wala udhaifu, kwa kawaida hafanyiwi upasuaji haraka. Hufuatiliwa kwa picha, na hupasuliwa dalili zinapoanza au mfuko wa maji unapotanuka, kwa kuwa mtu mwenye VHL anaweza kuota uvimbe kadhaa maishani mwake, na mgongo haupasuliwi kila unapoonekana uvimbe mpya.

Dawa uliyoisikia ipo kweli. Katika mwili wenye afya, protini inayotengenezwa na jeni ya VHL huviharibu vichocheo vinavyoita mishipa mipya ya damu, pale seli inapokuwa na oksijeni ya kutosha. Protini hiyo isipofanya kazi, seli huendelea kuagiza damu, mfano wa mkulima anayefungulia mfereji shambani huku mvua inanyesha, na ndiyo maana uvimbe wa VHL umejaa mishipa. Uchunguzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Dawa ya belzutifan huzuia kimojawapo cha vichocheo hivyo, na mwezi Agosti 2021 Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wenye VHL ambao uvimbe wao wa figo, wa kongosho, au wa ubongo na uti wa mgongo hauhitaji kupasuliwa mara moja. Kwa baadhi yao uvimbe hupungua, kwa wengine husimama. Ni ya kumeza kila siku, hupunguza wingi wa damu na huchosha, bei yake ni kubwa mno, na haifai kabisa kwa mwenye mimba, kwani humdhuru mtoto tumboni. Tena huweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, kwa hiyo mwanamke anayeitumia huhitaji njia nyingine isiyo ya homoni.

Kuolewa na kuzaa hakuzuiwi na VHL. Ukipatikana na hitilafu hiyo, mweleze mchumba wako mapema, ili aamue akijua, na ufanye MRI na vipimo vya adrenali kabla ya kubeba mimba. Hicho cha adrenali nakisisitiza kwenu nyote watatu, wewe, mama na kaka yako. Uvimbe wa tezi hizo, feokromositoma, unaweza kukaa kimya kwa miaka, kisha mtu akipewa dawa ya usingizi, akipasuliwa au akiwa katika uchungu wa kuzaa, ukamwaga homoni zinazopandisha shinikizo la damu kiasi cha kuua. Ukijulikana mapema huandaliwa kwa dawa na hatari hupungua sana. Kwa hiyo kabla ya upasuaji wowote, hata uwe mdogo, mwambieni daktari wa usingizi kwamba nyumba yenu ina VHL, na asianze mpaka ameyaona majibu ya kipimo hicho.